Jalada la Maadui

Barua ya Emmerich Zehetner ilifika Jumanne kwa posta ya asubuhi, miezi kumi baada ya sisi kumzika Daktari Wenzl. Niliutambua mwandiko kabla hata sijaigeuza bahasha. Poldi, mpishi wa nyumba, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya makaa, akaniona.

"Haya, nani kafa tena?" akauliza. "Umekuwa mweupe kama unga."

"Hakuna aliyekufa. Ni mwanafunzi wa zamani."

"Wanafunzi wa marehemu ni wa aina mbili tu, bibiye. Waliokimbia na waliofukuzwa. Huyu yupi?"

"Aliyefukuzwa."

"Afadhali yake. Waliokimbia walisahau miavuli yao hapa, na mpaka leo mimi ndiye ninayeifuta vumbi." Akaenda zake na ndoo yake, akicheka peke yake.

Nilikuwa katibu wa Daktari Wenzl, mwandishi wa barua zake, kwa miaka kumi na minane. Yeye alitembea kutoka kwenye jiko la vigae la kupashia chumba joto hadi dirishani na kurudi, akitamka kila kitu pamoja na alama zake, koma, nukta, aya mpya, nami nikiandika bila kuinua kichwa. Watu waliisoma nadharia yake ya muziki vitabuni, lakini nadharia yenyewe ilipikwa kwenye barua: kwa wachapishaji, kwa wahakiki, kwa wanafunzi, kwa wasimamizi wa maktaba zenye karatasi zilizoandikwa kwa mkono wa watunzi wakubwa wenyewe. Kila barua iliyoingia au kutoka niliiandikia mstari mmoja kwenye daftari, kisha nikaiweka kwenye jalada lake. Majalada yalikuwa matatu: Wachapishaji, Wanafunzi, Maadui. Mtu aliweza kutolewa jalada la pili akatiwa la tatu. Sikumbuki aliyerudishwa.

Zehetner alihamishiwa la tatu mwaka 1923. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu, na hapa Vienna nzima hakuna aliyejua hivyo isipokuwa mimi.

Nikaifungua barua. Ilikuwa fupi, imeandikiwa Bi Daktari, mjane wa marehemu.

"Siombi msamaha wala sifa," aliandika. "Naomba jambo moja tu. Tarehe tisa Machi 1922 nilimwandikia marehemu kutoka maktabani kuhusu noti moja. Naamini barua hiyo bado mnayo. Tafadhali mtu aitazame aniambie: niliandika b, au niliandika h? Nyumba ya uchapishaji niliyoitumikia zamani inanitaka tena nikasahihishe noti kabla hazijapigwa chapa, na lazima niwajibu kufikia Jumamosi. Kama niliandika h, nitarudi kazini. Kama niliandika b, basi mkono wangu huandika nisichokiona, na mtu wa namna hiyo hafai kusahihisha hata orodha ya vyakula."

Kwetu noti ya ti, ya saba katika do-re-mi, huitwa h, na ti iliyoshushwa nusu toni huitwa b. Msomaji asiye mwanamuziki ataniuliza, nusu toni ni kitu gani cha kumharibia mtu maisha? Hajamjua Daktari Wenzl. Mwaka ule wa 1922 alikuwa anamalizia kitabu chake cha pili, na kurasa arobaini za kitabu hicho zilisimama juu ya noti moja katika utunzi mmoja wa zamani. Matoleo yote yaliyochapwa yalikuwa na h. Yeye alishikilia kwamba wachapaji walikosea, kwamba mtunzi mwenyewe aliandika b. Mtoto wa jicho alikwisha kumfunga macho yote mawili, hakuweza kusafiri, akamtuma Zehetner, mwanafunzi wake aliyempenda kuliko wote, akaitazame karatasi ya mkono katika maktaba ya mbali.

Wiki tano tulingoja jibu, na wiki tano hizo nilikuwa naandika b kutwa. B kwa mchapishaji, b kwa wahakiki wa Leipzig, b kwa profesa fulani aliyebisha. Barua ilipofika niliifungua mbele yake, nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye herufi yenyewe macho yangu yaliona kile mkono wangu ulichozoea kuandika.

"B," nikasoma.

Mzee yule akanishika mikono akanizungusha chumbani. Sikuwahi kumwona akicheza, si kabla wala si baada. "Nilijua, Ottilie! Nilijua!" Nikacheka naye. Kisha nikaandika kwenye daftari: Zehetner athibitisha b.

Kitabu kikatoka, na ndani yake maneno: kwa ushahidi wa macho ya mwanafunzi wangu E. Z. Haukupita mwaka na nusu, mhakiki mmoja mwenye miguu mizima akapanda treni, akaenda maktaba ileile, akaitazama karatasi ileile. Ilikuwa h. Akaandika kurasa tatu za kicheko. Wiki ile Daktari hakula. Zehetner akaandika kwa mshangao kwamba yeye aliona h na anavyokumbuka aliripoti h, tafadhali barua yake itazamwe tena.

"Itazame," Daktari aliniambia. Alisimama dirishani, mgongo kwangu.

Nikaitoa. Sisi wa shule za zamani tuliandika barua kwa mwandiko wa Kijerumani, ule wa kona kona, lakini majina ya noti tuliyaandika kwa herufi za Kilatini yasije yakachanganyika na maneno. Kwa hiyo katika barua nzima palikuwa na herufi moja tu ya namna yake. Safari hii niliiona. Mguu wake ulikuwa wazi chini, haukufungwa kama wa b. H.

Mama yangu alikuwa bado hai, kitandani, na mshahara wangu ndio uliotia joto chumba chake. Lakini sitajificha nyuma ya mama. Niliogopa mgongo ule. Niliogopa ugeuke, nione uso wa mtu niliyecheka naye tukizunguka.

"Ni b, Bwana Daktari," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu. Kisha akaanza kutembea, akatamka barua ya kukata uhusiano na Zehetner. Miaka sita alikuwa anamwita "Rafiki mpenzi na mheshimiwa". Siku ile alianza na "Bwana" peke yake, na mtu wa kwetu akipokea barua inayoanza na "Bwana" peke yake hahitaji kusoma iliyobaki. "Jicho lako liliona h na mkono wako ukaandika b, koma, na kati ya jicho na mkono wako mimi sitaweka tena kazi yangu. Nukta." Niliyaandika yote kwa mwandiko wangu mzuri. Wiki mbili baadaye tukasikia Zehetner ameacha mwenyewe kazi ya kusahihisha noti. Hakufukuzwa na mtu. Alisema hajiamini.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha miaka saba, na kilichokuja hakikuwa kifo changu bali cha Daktari, nacho hakikuniumbua, kikazidi kunifunga. Tangu azikwe, mbao za sakafu hulia kati ya jiko na dirisha, hatua tisa, kituo, hatua tisa. Poldi husema ni baridi inazikunja mbao. Na bomba la maji la ujiani, ukilifunga, huimba noti moja nyembamba ukutani kwa dakika nzima. Nina sikio zuri, Daktari mwenyewe alinisifu. Miezi kumi nimesimama pale na birika mkononi na sijaweza kusema ile ni b au h.

Jumanne ile nilimpelekea Bi Daktari barua akiwa na kahawa yake. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye adabu kali. Akasoma jina la nyuma ya bahasha tu.

"Huyu bado yupo?"

"Anauliza jambo, Bi Daktari. Jambo dogo. Anataka tu kujua..."

"Najua anataka nini. Maadui wote wanataka kitu kilekile, marehemu awe amekosea." Akaisukuma bahasha kando ya sahani. "Tutamjibu saa kumi."

Saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa saa ya Daktari ya barua, na mjane hakuiacha ife. Kila siku aliketi kwenye kiti kidogo karibu na jiko, mimi mezani, kiti kikubwa kitupu katikati yetu. Alitamka majibu kama vile mumewe angeyatamka, na alijua vizuri kuliko nilivyotaka. Alianza: "Bwana."

Kalamu yangu ikasimama.

"Unangoja nini, Ottilie?"

"Bi Daktari, labda kwanza tuitazame ile barua ya tarehe tisa. Ipo. Naweza kuileta sasa hivi."

"Ulikwisha itazama mwaka ule. Uliniambia wewe mwenyewe jikoni, ukilia. Au ulikuwa unaniongopea?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Hata leo nikiukumbuka nauma midomo. Mtu mwenye moyo angepita.

"La," nikasema.

"Basi andika. Barua yako imepokelewa. Barua ya tarehe tisa Machi imetazamwa. Ina herufi b."

Nikaandika. Nilipofika kwenye b nikasikia, karibu sana na sikio langu la kushoto, alipozoea kusimama Daktari, sauti yake kavu: "Nukta."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Bi Daktari alikuwa ananitazama, mikono imelala mapajani.

"Na wewe pia?" akauliza polepole.

"Sijasikia kitu."

"Mimi humsikia kwenye koma. Alizipenda." Akatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko sauti. "Tia nukta, Ottilie. Usimngojeshe."

Nikatia. Nilijiambia nitaizuia ile barua, nitaiweka chini ya nyingine, nitapata ujasiri baada ya supu. Lakini saa kumi na moja Poldi alipita kama kila siku, akazoa bahasha zote mezani, akaenda nazo posta huku analalamikia magoti yake. Nilimsikia akishuka ngazi, wala sikumwita.

Kesho yake Bi Daktari akaamua kwamba Maadui wachomwe. Maktaba moja ilikuwa imekubali kupokea karatasi za marehemu, na yeye hakutaka wageni wasome matusi. "Ijumaa asubuhi," akamwambia Poldi, "jalada zima."

"Zima? Bi Daktari, lile lina unene wa godoro. Litaniziba bomba la moshi."

"Basi kidogo kidogo. Kwa tarehe."

Poldi akanikonyeza. "Walau wataipasha nyumba joto, hao. Marafiki zake hata kikapu cha makaa hawajawahi kuleta."

Alhamisi asubuhi, Bi Daktari akiwa kanisani, nililifungua jalada, nikaichukua barua ya tarehe tisa, nikaificha ndani ya koti. Nililifunga jalada kimyakimya kama mwizi, na mwizi nilikuwa. Nikapanda tramu hadi mtaa wa Josefstadt. Zehetner siku hizi aliuza vifungo katika duka la dada yake, duka refu jembamba lenye visanduku ukutani hadi darini, kila kisanduku na kifungo kimoja kimeshonewa mbele.

Alikuwa amezeeka, ingawa ni mdogo wangu kwa miaka minne. Aliponiona alikuja upande wangu wa kaunta, akainama.

"Nabusu mkono, Bi Ottilie. Hujabadilika hata kidogo."

"Acha uongo, Emmerich. Nimebadilika kila mahali."

Akacheka. Nami sikungoja kicheko kiishe, maana nilijua kikiisha sitasema tena. Nikamweleza yote palepale, nimesimama, glavu mikononi. Wiki tano za kuandika b. Kucheza na mzee. Mgongo dirishani. Neno nililolisema mara ya pili, nikijua. Nikaitoa barua, nikaiweka kwenye kaunta. "Uliandika h," nikasema. "Siku zote ilikuwa h. Mimi ndiye. Rudi kazini kwako."

Hakuigusa. Alivuta droo, akatoa karatasi nyingine, akailaza kando yake. Ilikuwa barua ya Jumanne. *Ina herufi b.*

"Hii ililetwa jana na posta ya mchana," akasema kwa upole. "Huu mwandiko si wako?"

"Ni wangu. Aliitamka Bi Daktari. Niliogopa."

"Jumanne uliniandikia kwamba imetazamwa na ni b. Alhamisi unakuja kwa miguu yako kuniambia ni h. Nimwamini Ottilie yupi?"

"Huyu aliye mbele yako! Angalia mwenyewe, una macho!"

"Ndilo jambo lenyewe," akasema. "Ninayo."

Akachukua kioo cha kukuzia, kile cha kukagulia mipasuko ya vifungo, akainama juu ya herufi yake ya miaka minane. Dada yake alitokeza kichwa kwenye pazia la nyuma, akatutazama, akarudi.

"Wino umefifia," akasema. "Chini hapa inaonekana kama wazi. Inaonekana."

"Ni wazi. Ni h."

"Au ni b ambayo kalamu ilikaukia mwishoni. Kalamu ya maktaba ile ilikuwa mbovu, nakumbuka." Akanyoosha mgongo. "Bi Ottilie, sikiliza. Daktari aliniandikia kwamba kati ya jicho langu na mkono wangu pana shimo. Nilimchukia mwaka mzima. Halafu nikaanza kulichunguza lile shimo, na unajua nini? Lipo. Kila kisanduku ninachokiandikia jina hapa, dada yangu hukisoma baada yangu. Nimekwisha kosea mara kadhaa."

"Kila mtu hukosea vifungo! Ulikosea kwa sababu uliambiwa unakosea!"

"Labda. Lakini jana barua hii ilipokuja, nililala. Usingizi wa kwanza kamili tangu siku ile. Kama niliandika b, basi niliadhibiwa kwa haki, na mzee alikuwa mkali tu, hakuwa mjinga. Kama niliandika h..." Akazungusha macho kwenye visanduku, kimoja kimoja, mpaka darini. "Kama niliandika h, hii yote ni ya nini?"

Nikalia. Nilimwapia kwa roho ya mama yangu, nikamwambia aniite mwongo, anitukane, anipige akitaka. Alinipa leso yake.

"Wewe ni mtu mwema," akasema. "Umekuja katika baridi hii kunibebea kosa langu. Lakini uongo haukufai. Nyumba ya uchapishaji nimekwisha iandikia asubuhi hii, nimewashukuru, nimekataa. Usijisumbue tena."

"Waandikie nyingine. Leo bado Alhamisi."

Alitikisa kichwa. Akaivuta barua ya tarehe tisa karibu na mwanga wa dirisha, akachovya kalamu ya duka. Kwa sekunde moja nilidhani anataka kuniandikia kitu. Kumbe ilikuwa ni ile tabia yao wasahihishaji, ambayo haikumtoka hata baada ya miaka saba ya vifungo: herufi isiyoeleweka haiondoki mezani kwake ikiwa haieleweki. Kwa mkono mtulivu, mkono usiotetemeka hata chembe, aliufunga mguu wa ile h.

"Asije mwingine akataabika nayo," akasema. Akaikandamiza kwa kikaushio, akaikunja, akanirudishia. Niliifungua barazani, upepo ukiipiga. Ilikuwa b safi, wino mweusi, na hata mimi nisingeweza kuisoma vingine.